Mgonjwa Aliyekatazwa Wageni

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikakaribia kusimama yenyewe, nikiamini nitakabidhiwa ng'ombe. Mimi ni mtoto wa wafugaji wa Nzega. Nilikuwa nimefundishwa sotoka, ile tauni ya ng'ombe, nimefundishwa ndigana, yaani ule ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, na niliweza kumdunga fahali sindano ya shingo bila kukanyagwa. Dresa Mkuu, mtu mzima mwenyeji wa Tabora mjini, alinitazama mara moja tu.

"Wewe Mkristo?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi mbwa ni wako. Sisi tukiguswa na mate yake tunatakiwa tujitwaharishe kwa maji na udongo, na kazi hazingoji. Banda lao lile kule nyuma."

Hivyo ndivyo nilivyopata utaalamu wangu. Kwa ninyi mliozaliwa juzi, dresa wa mifugo alikuwa msaidizi wa daktari. Alimshika mnyama, aliosha vidonda, alichemsha sindano, na daktari akisafiri yeye ndiye aliyebaki na wagonjwa. Daktari wetu alikuwa Mwingereza, mji mzima ukimwita Bwana Mifugo. Siku nyingi alikuwa safarini, Nzega na Igunga kuchanja ng'ombe, au upande wa magharibi kwenye barabara ile ya zamani ya misafara iendayo Ujiji. Mimi nilibaki na mbwa wa Wazungu, wa Wagoa, na wale wasio na mwenyewe waliosubiri kukaguliwa kichaa.

Nilipanga chumba mtaa wa Ng'ambo kwa bibi mmoja mcha Mungu, Bi Tatu. Alipojua kazi yangu hakunifukuza. Kila jioni nilikuta mlangoni pa uani ndoo ya maji na lundo dogo la udongo safi, na yeye kasimama mbali akihakikisha nimejisugua inavyopasa. Kikombe changu kilikaa peke yake dirishani. Majirani walinisalimia vizuri, lakini kwa mdomo tu, mikono wakiifungia nyuma. Kwenye arusi nilipakuliwa sahani yangu nikaila pembeni, wakati wenzangu wamezunguka sinia moja. Baba naye, nilipokwenda nyumbani likizo, aliuliza mbele ya watu, "Nilikusomesha ili ukaogeshe mbwa?" Nilicheka na wote waliocheka. Niliporudi chumbani kwangu sikuona cha kuchekesha.

Sasa niwasimulie mgonjwa ninayemkumbuka kuliko wote. Aliletwa amebebwa kwenye mto na msimamizi wa stesheni ya reli, ambaye mji ulimwita Bwana Stesheni. Alikuwa Mgoa, mgane, mtu wa sare nyeupe na maneno machache. Mbwa wake aliitwa Moti, mmoja wa wale mbwa warefu kama benchi wenye miguu mifupi. Marehemu mkewe ndiye aliyemlea tangu akiwa mdogo, na tangu mama yule azikwe, ndani ya nyumba ile ya reli walibaki wawili hao tu.

"Jana aliruka kutoka kitini," alisema Bwana Stesheni. "Leo anaburuta nyuma. Mpishi wangu anasema amerogwa."

Bwana Mifugo alimlaza Moti mezani, akapitisha vidole mgongoni mpaka mbwa akalia. Kisha akanieleza, maana alikuwa mwalimu mzuri alipokuwa na nafasi. Uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa, na kati ya pingili na pingili kuna kipande laini kama gegedu, kazi yake kupunguza mshindo. Kwa mbwa wa umbo lile kipande hicho hukauka mapema. Siku akiruka vibaya, hupasuka, na cha ndani hutoka kikaukandamiza mshipa mkuu wa fahamu upitao mgongoni. Miguu ni mizima, ila habari haziifikii. Kisha akachukua kibano, akaubana kwa nguvu ukucha wa mguu wa nyuma. Moti aligeuza kichwa polepole, akautazama mguu wake.

"Umeona? Bado anasikia maumivu. Akisikia, tumaini lipo. Asiposikia, hakuna."

Tiba yenyewe, alisema, ni kufungiwa. Kizimba kidogo cha mbao, majani makavu ya kulalia, asiruke, asikimbie, asigeuke kwa haraka, mpaka uvimbe ushuke. Kibofu cha mkojo kisaidiwe kwa mkono, maana mbwa aliyepooza hawezi kukojoa mwenyewe: unakishika kwa pande mbili chini ya tumbo na kukikamua taratibu. Ageuzwe ubavu huu na huu asipate vidonda vya kulalia. Miguu ikandwe. Halafu akamgeukia Bwana Stesheni.

"Na wewe usije. Akikuona atataka kukurukia, na akiruka tumempoteza."

"Nisije kabisa?"

"Kabisa. Mimi nakwenda Igunga. Nikirudi nitambana tena ukucha. Kama hasikii, nitampiga risasi. Si ukatili huo, kumwacha ndio ukatili."

Bwana Stesheni aliikunja kofia yake akatoka bila kumuaga mbwa, kama alivyoagizwa.

Basi nikabaki na Moti. Kazi ile haikuwa na cha kuonyesha mtu. Unakamua, unageuza, unakanda, unakaa. Mbwa hakulia sana, alitazama tu mlango. Nilianza kuzungumza naye Kinyamwezi, lugha ya nyumbani, maana nje ya kazi sikuwa na mtu wa kuzungumza naye pale mjini, na masikio yake yalisimama hata asipoelewa. Nawaambia kweli, miezi ile ndiyo niliyozungumza sana kuliko miaka yangu yote ya Tabora.

Kila alasiri, treni ikishapita, niliona sare nyeupe nyuma ya ua wa minyaa. Bwana Stesheni alikuja. Hakuingia. Alinyanyua kwanza leso kidogo kuangalia upepo unatoka wapi, akasogea upande ambao harufu yake haitafika bandani, akasimama. Mimi nikitoka kumwaga maji nilipita karibu naye nikasema bila kusimama, "Amekula," au "Amelala vizuri." Yeye akaitikia kwa kichwa. Hatukuwahi kuketi pamoja, lakini nilijikuta naitazamia alasiri.

Siku moja upepo uligeuka ghafla, ukaleta vumbi la njiani na harufu ya mtu wake. Moti alijiinua kwa miguu ya mbele, akajitupa kwenye mbao za kizimba, akapiga kelele ambayo sitaisahau. Nilipomfikia alikuwa amelala kimya. Nikachukua kibano nikabana ukucha. Hakugeuka. Nikabana tena. Alinitazama usoni, akingoja nimalize.

Nilitoka nje. Bwana Stesheni alikuwa palepale, kashika ua kwa mikono miwili.

"Ni mimi?" aliuliza.

"Ni upepo, Bwana."

Hakuja kesho yake, wala siku zilizofuata. Pale ndipo nilipojua jinsi nilivyokuwa nimemzoea. Nilitoka na maji yangu, ua mtupu. Nilirudi ndani, mbwa asiyesikia mguu wake. Na Bwana Mifugo alikuwa njiani kurudi na bunduki. Niliogopa, si kwa ajili ya kazi, maana hakuna aliyefukuzwa kwa kufiwa na mbwa. Niliogopa kumpelekea habari mtu yule ndani ya nyumba ile.

Jioni moja Bi Tatu aliniona nimeduwaa mbele ya ndoo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Huyo mnyama wako hajambo?"

Nilishangaa kuulizwa. Nikamweleza kwamba hasikii tena, na kwamba hata akipata nafuu, ningehitaji kitambaa cha kumpitishia chini ya tumbo, nimnyanyue nyuma ajifunze upya kukanyaga. Aliingia ndani. Asubuhi, kando ya udongo, nilikuta kanga kuukuu iliyofuliwa na kukunjwa.

"Ichukue," alisema kutoka ndani. "Na usinirudishie kamwe."

Siku chache baadaye, wakati namkanda, Moti aliuvuta mguu. Kidogo tu. Nilidhani ni mimi niliyeusogeza. Nikabana ukucha, naye akageuka akanguruma. Niliketi chini kwenye majani nikalia, mtu mzima mwenye cheo cha serikali.

Bwana Mifugo aliporudi alikuta Moti bado hajasimama. Alitundika bunduki mlangoni, akainama na kibano chake. Moti aliudaka mkono wake akaukwaruza kwa meno.

"Vizuri sana," alisema, akinyonya kidole. "Endelea."

Nikaendelea. Kwa kanga ya Bi Tatu tulizunguka uwanja wa nyuma, mimi nimeinama, yeye anayumba kama mlevi. Watu waliokuwa wakipita kwenda mtaa wa Kanyenye walisimama kutuangalia, na walicheka kwa haki. Ilifika siku nikalegeza kanga, naye akaenda, mwendo wa upande upande ambao hakuuacha tena.

Nilimtuma tarishi stesheni. Bwana Stesheni alipitia langoni safari hii, akapiga magoti mavumbini na sare yake. Moti alimwendea taratibu kwa vile hakuweza kukimbia, na alipofika, kwa furaha, akamkojolea suruali nyeupe. Mwenyewe, bila mkono wa mtu. Bwana Mifugo alicheka mpaka akashika ukuta, nami nikamweleza Bwana Stesheni kwamba mkojo ule ndio hati ya kuruhusiwa kutoka. Alinishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, na hakuuachia upesi. Muda mrefu ulikuwa umepita bila mtu kunishika mkono pale mjini.

Hatimaye alistaafu, akaondoka na treni ya kwenda pwani, Moti ndani ya kikapu. Mimi nilihamishwa Nzega, kisha Igunga, na ng'ombe niliowatamani nikawapata kwa maelfu. Nilipanda cheo, nikawa Dresa Mkuu mwenyewe, nikastaafu, nikarudi Tabora kununua nyumba mtaa wa Gongoni. Mke wangu ametangulia. Watoto wako Dar es Salaam, wana kazi zao.

Mwaka huu mgongo wangu nao umekataa. Daktari wa hospitali, kijana mpole, alinionyesha picha akaanza kunieleza pingili na kile kipande laini cha katikati, nikamwacha amalize. Ameniamuru nilale chali juu ya ubao, nisiinuke, nisigeuke kwa haraka. Nimetii. Nimemwomba tu mtumishi wangu wa nyumbani asogeze kitanda dirishani, panapoonekana ua.

Alasiri treni ikipiga honi kule stesheni, nageuza macho. Upepo ni mzuri, na mimi sikukatazwa wageni.