Redio Isiyolia Haipandi Ndege

Siku yangu ya kwanza kwenye uwanja wa ndege wa Mtwara, miaka ya tisini, nilipewa kofia, meza na amri moja. Mashine ya kuangalia mizigo hatukuwa nayo. Upekuzi ulikuwa mikono yetu: unafungua begi, unapapasa, unafunga. Mimi wa darasa la saba niliona kazi ni rahisi, mpaka msimamizi wetu, Bwana Issa Nambunga, alipoisoma ile amri.

"Chochote cha umeme au betri kiwashwe hapa mezani. Redio isiyolia haipandi ndege. Ndani linaweza kuwamo bomu."

Vijana, aliyetunga amri ile hakuwahi kuishi huku kwetu. Mtu wa Mtwara anapeleka redio Dar kwa sababu moja tu: imekufa, na mafundi wa huku wameishindwa. Nzima inabaki nyumbani. Basi kila ndege ikiondoka, tulibaki na rundo la redio na wenyewe wakitulaani. Betri za kujaribia nilikuwa nazitoa kwenye tochi yangu mwenyewe.

Miaka ya elfu mbili imeshaanza, akaja Bi Somoe wa Msimbati. Alikuwa anakwenda kutibiwa macho, redio kaseti kaifunga kwa kanga. Ndani imekwama kaseti yenye sauti ya marehemu mumewe. Nikatia betri. Kimya.

"Inabaki," akasema Nambunga.

"Baba, ingekuwa inalia ningeipeleka kwa fundi kufanya nini?"

"Sheria haimjui mtu, bibi."

"Hainijui. Mama yako ananijua. Nikirudi nitampitia."

Abiria wakaangua kicheko, ila Bi Somoe hakucheka. Alikaa chini palepale. "Bila redio yangu sipandi. Nipofuke."

Ndege nyingine mpaka wiki ijayo, na daktari alimpangia kesho yake. Nikaomba bisibisi kwa dereva wa gari la mizigo, nikaifungua redio mgongoni. Wakamiminika mende! Nambunga aliruka mpaka mlangoni. Nikawaonyesha watu wote: nyaya, spika, vumbi, kaseti. Bomu hakuna. Nikafunga, nikamsindikiza Bi Somoe hadi kwenye ngazi ya ndege.

Barua ya onyo aliniandikia Issa Nambunga, namtaja kwa jina: eti nimekiuka amri na kuchokonoa mali ya abiria. Halafu akanunua bisibisi ya ofisi, na mkubwa wa makao makuu alipokuja akamwambia ni ubunifu wake.

Mashine ilipoletwa wakapunguza watu, na barua ile ndiyo iliyonitoa, mvi hata sijaota. Uchungu ninao, sidanganyi. Ila nikimkumbuka Nambunga anavyokimbia mende, nacheka peke yangu kwenye mikorosho yangu.

Siku ile ya kupunguzwa, mwenyekiti wa kamati iliyotuhoji aliniuliza, "Una la kujitetea?"

"Ninalo," nikamwambia. "Bi Somoe anaona, na kaseti inalia. Andikeni hivyo."