Fundi Aliyejilegezea Mishono

Fundi cherehani yule hakuwahi kukaa na nguo iliyombana. Wanawake wengine nguo ikiwakaba hushtuka, hujitazama kwenye kioo, huuliza. Yeye alichukua kiwembe, akafumua ubavuni, akatoa akiba ya kitambaa aliyoiacha ndani ya mshono, akapiga mstari mpya, mambo yakaisha. Miaka ikapita hivyo, mwili ukimweleza jambo, naye akiunyamazisha kwa uzi.

Kola nazo alizipanua. Shingo ilikuwa imejaa mbele, chini ya koo. Akasema ni unene. Baridi ilimwingia hata wateja wakijipepea; akasema ni upungufu wa damu. Siku zake za mwezi ziliruka, zikarudi kwa fujo, zikaruka tena. Kila ziliporuka alitembea kama aliyebeba bakuli lililojaa, hamwambii mtu, mpaka zirudi zimvunje moyo. Maana alichokitaka duniani kilikuwa kimoja: mtoto.

Wifi yake, dada wa mumewe, hakuona haya kulisema. Alikuja kupimwa gauni, akamtazama juu hadi chini.

"Wifi, mwili huo! Unakula kwa watatu, na mezani mko wawili."

"Wivu tu huo. Inua mkono nikupime."

"Nainua. Lakini kaka yangu anazeeka, unajua?"

"Najua. Ndiye ninayelala naye."

Wasichana waliokuwa wakisubiri wakaangua kicheko. Fundi naye alicheka, akamzungushia wifi utepe wa kupimia.

Aliyemfumbua macho alikuwa muuguzi mmoja aliyekuja kuchukua sare yake. "Fundi, hebu meza mate nikuone." Akameza. Uvimbe ukapanda, ukashuka. "Kesho uje hospitali. Na usinipe kesho ya mafundi."

Alikwenda. Wakampima damu, wakampiga picha ya tumbo. Daktari, mwanamke wa makamo, hakuzungukazunguka.

"Tezi hii ya shingoni imezembea, mama. Ikizembea, mwili mzima unapoa, na vichocheo vinavyoamuru ovari zikomaze yai vinavurugika. Yai halitoki, au linatoka kwa nadra."

"Kuna dawa?"

"Ya tezi ipo, utaimeza maisha yako yote. Mara nyingi tezi ikitulia, ovari nazo huamka." Daktari akaigeuza picha ya tumbo. "Ila zako zimechoka kabla ya wakati. Kinga ya mwili wako mwenyewe imeishambulia tezi, na inaelekea ovari nazo haikuziacha. Mayai yaliyobaki ni machache mno. Ungekuja mapema, pengine..."

"Pengine?"

"Pengine. Siwezi kukuapia."

Nyumbani alimkuta mumewe, mchomelea vyuma, akinawa masizi uani. Akamweleza yote, amesimama, mkoba ungali begani. Mume aliendelea kunawa mikono iliyokwisha kutakata.

"Mimi nilidhani ni mimi," alisema hatimaye. "Ule moto, ule moshi. Niliogopa kwenda kupimwa, nisije nikaambiwa."

Kumbe miaka yote hiyo walilala kitanda kimoja, kila mmoja amejifungia hatia yake.

"Ni mimi," fundi alisema.

"Ni ugonjwa, mke wangu. Acha kujipa jina lake."

Dawa alizimeza kila alfajiri kabla ya chai, na zilifanya kazi. Baridi ikamtoka, uso ukanywea, sauti iliyokuwa ikikwaruza ikalainika. Siku zake zilirudi mara moja, nyepesi, kisha zikakoma kabisa; mayai yalikuwa yamekwisha.

"Wifi, umerudi msichana!" wifi yake alimaka alipompitia, na safari hii hapakuwa na kejeli ndani yake.

Fundi alishukuru. Alipoachwa peke yake aliinamia cherehani, akalia mpaka kitambaa cha mteja kikalowa. Hapakuwa na panapomuuma tena mwilini. Alipokuwa mgonjwa, angalau alikuwa na cha kusubiri.