Msiba wa Matonya

Mwaka ule reli ya Wajerumani ilipofika Dodoma, Matonya wa Hombolo alirudi kwao kutoka misheni akiwa na kanzu nyeupe, jina jipya la Filipo, na moyo uliokwisha kutekwa na Raheli, binti wa mwalimu. Kikwazo kilikuwa kimoja tu: nyumbani alikuwa na mke, Mbeleje.

Mwalimu alikuwa amewafundisha kwamba mtu akibatizwa, yule wa kale hufa majini. Alisema hayo kwa habari ya dhambi. Filipo, kwa ujanja wake wa kujipunja mwenyewe, akamtosa na mke humo humo.

"Aliyekuoa ni Matonya," alimwambia Mbeleje mlangoni mwa tembe. "Matonya amekufa. Mimi si yeye."

Mbeleje akamwuliza, "Amekufa kweli?"

"Kweli."

Mbeleje hakubisha. Alivua shanga zake zote, akamwita jirani amnyoe nywele, kisha akapiga yowe la msiba.

Jua halijapinda, ua ulikwisha kujaa waombolezaji. Mwanzoni Filipo alicheka. Ndahani, mdogo wake, hakucheka. Alikwenda zizini akaanza kuwatoa ng'ombe, maana kwa Wagogo mali ya marehemu, pamoja na mjane wake, hurithiwa na nduguye.

"Waache! Ng'ombe wangu hao!"

"Wako kwa lipi, mgeni? Hawa ni wa kaka yangu."

"Ndahani, hunijui? Si tumechunga pamoja tangu utoto?"

"Nilichunga na Matonya. Kama ndiwe, sema. Mkeo yule pale, amekaa chini."

Filipo alitaka Matonya afe kwa mke, aishi kwa ng'ombe, na pale uani hapakuwa na asiyeliona hilo. Aliona haya hata akatamani ardhi ipasuke.

Ndipo mama yake mzazi akaja, akaketi mbele yake.

"Baba," alimwambia, kama mtu amwambiavyo mpita njia, "nasikia ulikuwapo mwanangu alipokufa."

"Mama, mimi..."

"Nakuuliza jambo moja tu. Alinitaja?"

Filipo akayakumbuka yale maji. Mle ndani hakumkumbuka mama, wala mke, wala mtu yeyote wa Hombolo. Alikuwa akimwangalia Raheli ukingoni. Akaketi mavumbini, akajifunika uso kwa viganja.

"Hakunitaja," mama aliwaambia waombolezaji, na kilio kikaanza upya.