Mtoto Haendi Mlimani Bila Mama

Nilipomwambia mke wangu kwamba nataka kumpeleka binti yetu mlimani tulale huko siku kadhaa, nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Mtoto alikuwa na miaka minne. Nilitarajia nisikie habari za baridi, nimonia na chui. Badala yake aliendelea kupepeta maharagwe, akasema, "Sawa. Lakini mtoto hawezi lala mlimani bila mama."

Nilifurahi kupita kiasi. Nikaona kumbe ni safari ya sisi watatu, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya tangu tuoane. Nikashuka Kericho mjini nikamnunulia mtoto koti zito la mitumba, la rangi ya zambarau, lenye kofia.

Asubuhi ya kuondoka nilimkuta mke wangu amejifunga leso kiunoni, anakamua ng'ombe, hana hata dalili ya safari. Aliyesimama langoni akiwa na gambuti miguuni, shuka begani na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, mkononi alikuwa kaka yake.

"Nilisema mama," mke wangu akasema bila kuacha kukamua. "Sasa mimi nikienda, hii ng'ombe itakamuliwa na nani?"

Mimi ni Mkisii niliyeoa Sosiot, kwa Wakipsigis. Kwa Kiswahili mama ni mama, haina mjadala. Kwa Kikipsigis mama ni mjomba, kaka wa mama mzazi. Mtoto wangu humwita mama yake mzazi eiyo, na jitu hili lenye ndevu na gambuti ndilo analoliita mama. Neno hilo nimelisikia pale nyumbani miaka yote, lakini siku ile liliniangusha chini kabisa.

Na ingekuwa mtu mwingine yeyote nisingejali. Mimi ni fundi wa umeme Naivasha, kwenye mashamba ya maua, na nyumbani nafika mwisho wa mwezi. Shemeji yangu anaishi ng'ambo ya mistari michache ya majani chai. Ndiye aliyemshika mtoto mkono alipoanza kutembea. Ndiye anayempeleka kituo cha kuuzia majani, mtoto akiwa amekaa ndani ya kikapu kitupu kama kuku wa kupelekwa sokoni. Mimi nikifika na mkate na maandazi, mtoto anajificha nyuma ya mguu wa mjomba wake, ananichungulia, na akitaka kitu kwangu ananiita "wewe." Wewe, nipe maji. Wewe, fungua hii.

Basi niliutaka mlima mmoja tu ambao mjomba hayumo. Nilitaka, kabla likizo haijaisha, mtoto huyu akiogopa aniite mimi. Sikuwa naomba kingine.

Tulipanda gari hadi upande wa Londiani, tukaanza kupanda kwa miguu kupitia mashamba ya viazi, kisha mikaratusi ya serikali. Nilikuwa nimebeba fahari yangu: kiti cha kumbebea mtoto mgongoni, cha fremu ya alumini, chenye mikanda ya kifuani na kijipaa cha kukinga jua. Nilikipata mitumbani Nakuru na nilikiosha kwa sabuni mara mbili. Mtoto alikaa humo mpaka kona ya kwanza. Halafu akaanza kujinyonganyonga, akanyoosha mikono nyuma.

"Mama."

Shemeji akamtoa, akamtupa mgongoni, akazungusha shuka lake, akafunga fundo kifuani. Mtoto akalaza shavu, akatulia. Mimi nikaweka unga na sufuria kwenye kile kiti. Nikaupanda mlima nikiwa nimefungia unga wa mahindi mikanda ya usalama, juu yake kijipaa cha kukinga jua.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba shemeji mwenyewe hakuujua mlima hata kidogo. Hajawahi kupanda kitu kirefu kuliko mti wa avokado. Mimi ndiye niliyeuliza njia kwa askari wa msitu, mimi ndiye niliyejua kusimamisha hema. Yeye alilalamika kila hatua. Gambuti zilimchubua. Alipoona mianzi alidhani tumepotea. Lakini mtoto alimtazama kana kwamba mlima ameujenga yeye.

Usiku wa kwanza tulilala kwenye uwazi kando ya mianzi. Kabla ya kulala tulikaa motoni tukila ugali na mursik, na shemeji akaanza mchezo wake. Akanielekezea kidole.

"Huyu ni nani?"

"Wewe," mtoto akasema.

"Apana. Huyu ni papa."

"Papa!"

"Ni baba," nikasema. "Papa ni samaki."

"Ndiyo, shemeji," akajibu taratibu, kama mtu anayeelewana na mimi kabisa. "Si ndiyo nimesema? Papa."

Ulimi wake na herufi b hawajawahi kupatana. Kwake baridi ni paridi na bado ni pado, na sijawahi kumcheka kwa hilo, maana na mimi Kiswahili changu kina mawe yake ya Kisii. Lakini usiku ule nilikasirika kweli. Hata hilo moja lililokuwa langu, mtoto angelipokea likiwa limepitia mdomoni mwake. Nikaingia hemani nikawageuzia mgongo.

Siku iliyofuata ikawa mbaya zaidi, kwa sababu ilikuwa nzuri. Tulitembea kwenye msitu wa miti mikongwe iliyoota ndevu za kijani, mbega weupe na weusi wakiruka juu yetu. Mtoto alitembea mwenyewe sehemu kubwa, koti lake la zambarau likiburuta matope, na kila alichokiona alikimbilia kumwonyesha mtu. Konokono, akaonyeshwa mama. Unyoya, akapewa mama. Mimi nilionyeshwa jani lililooza, na hilo ni kwa sababu mama alikuwa ameenda haja. Nilichukua lile jani nikaliweka mfukoni. Mtu mzima, mwenye ndevu zake, nimefurahia jani bovu.

Kileleni ukungu ulifungua kidogo, tukaona majani chai ya Kericho chini kabisa, yamekatwa sawasawa kama kichwa cha mtoto anayeanza shule. Shemeji akampandisha mabegani. "Ona kwetu kule," akamwambia. Nilikuwa nimelisubiri neno hilo njia nzima nilitamke mimi. Nilimtazama nikamwonea wivu waziwazi, nadhani hata usoni ulionekana, kwa sababu alinitazama kwa muda, halafu akamshusha mtoto chini haraka.

Jioni tulikaa tena motoni. Aliuchokoa moto kwa kijiti.

"Shemeji," akasema, "mtoto anazoea harufu. Mimi nanuka maziwa yenye anakunywa kila siku. Ni hiyo tu."

Niliona ananihurumia, na huruma ya mtu unayemwonea wivu haimezeki.

Kesho yake tulipoanza kushuka, shemeji akachechemea.

"Goti limekataa," akasema akijishika mguu. "Siwezi peba mtoto. Nyinyi tangulieni, mimi nakuja pole pole."

Moyoni nilisema asante goti. Nikamshika mtoto mkono, lakini akauchomoa, akatembea mbele yangu akigeuka nyuma kila mara kumtafuta mjomba wake. Ukungu ulishuka tena ndani ya mianzi. Shemeji akapotea nyuma yetu. Njia ilikuwa utelezi mtupu. Ghafla koti la zambarau likaanguka, likateleza ukingoni, likazama kwenye vichaka chini ya njia.

Mtoto akapiga ukelele. Na mimi, sijui niseme nini, nilisimama. Nilikuwa nimelizoea neno litakalofuata, hata nikajibana pembeni ili mwenye jina apite.

"Mama!" akalia. "Mama!"

Hakuna aliyepita. Mianzi ilikuwa ikigongana tu. Nikaanza kushuka, nikijua nitakapomfikia atanitazama kama mtu asiyehusika. Kisha akanyamaza, akavuta pumzi, akaita tena.

"Papa!"

Niliteremka pale kwa makalio. Nikampata amenasa kwenye miiba kwa lile koti, hana jeraha ila mkwaruzo kidevuni, na alipigana kunifikia. Alinishika shingo mpaka nikakohoa. Nilipopanda naye njiani shemeji alikuwa ametokea, ameegemea mti, ameshika goti. Alivua shuka lake, akanirushia. Mtoto mwenyewe ndiye aliyenifundisha kulifunga. "Si hivyo. Vuta hapa," akaniambia masikioni, halafu akalala, pumzi yake ikinichoma shingoni.

Sikumshusha tena. Nilimbeba mpaka barabarani, nikakaa naye garini akiwa bado amefungwa mgongoni, nimeinama mbele kama mgonjwa wa tumbo. Shemeji alibeba hema, sufuria na kiti cha alumini, akichechemea. Nilimhurumia, sikatai. Ilikuwa huruma tamu sana.

Tulifika Sosiot mvua ya mchana ikiwa imetoka kukatika. Mke wangu alitupokea langoni, na mimi hata kabla ya maji ya kunywa nilianza kumsimulia: utelezi ulivyokuwa, alivyoanguka, alivyoniita. Nililirudia neno lenyewe mara mbili ili alisikie vizuri.

"Na huyu?" akauliza, akimwonyesha kaka yake aliyekuwa akijikokota kuelekea kwake.

"Goti," nikasema. "Limemsumbua sana njiani. Masikini."

Hapo ndipo ndama wake alipong'oa kigingi na kuingia kwenye mahindi. Shemeji alitupa mizigo yote chini. Aliruka ua. Aliruka mtaro. Alikata kona kwenye majani chai kwa gambuti zilezile, akimfukuza ndama kwa miguu miwili mizima, na shati likipepea.

Mke wangu alinitazama. Alifunga mdomo kwa leso, mabega yakaanza kutikisika.

Niliona yote kwa mara moja: goti, ukungu, mti aliouegemea karibu sana na pale, kimya chake mtoto alipomwita. Alimsikia. Alisimama pale akamsikia akilia jina lake, akajizuia, ili mimi niitwe. Hata hiyo Papa yangu ilitoka kwake, na kwa herufi zake. Sijawahi kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea yule bwana akikimbia kwenye mahindi, maana mimi nisingeweza kujizuia vile.

Kelele zikamwamsha mtoto. Akainua kichwa begani kwangu, akaona gambuti zikiruka, akaanza kujinyonganyonga.

"Mama! Nishushe niende kwa mama!"

"Mama anaumwa na goti," nikamwambia, nikakaza fundo.