Inchi Moja ya Mzee Kimya

Mama Pindo alipoomba talaka akiwa na miaka sitini na moja, ndugu walidhani amechanganyikiwa. Mume hapigi, hanywi, halali nje. Unamwacha kwa lipi?

"Kwa kimya chake," alijibu, na hakuna aliyemwelewa. Miaka thelathini na nne walikula chakula cha jioni wakisikiliza vijiko. Mtaani mumewe aliitwa Mzee Kimya, na watu walicheka wakilitaja jina hilo. Rahisi kucheka, kama si wewe unayeishi naye.

Walikuwa mafundi nguo wa chumba kimoja, yeye akishona, mumewe akikata. Hakimu alipogonga muhuri, nyumba iliuzwa na kila mtu akapewa nusu yake. Mzee akachukua meza na mikasi, mkewe akabeba cherehani mbili. Nusu ya nyumba inasikika kama mali mpaka uanze kuila. Mama Pindo alipanga vyumba viwili, cha mbele cha kazi na cha nyuma cha kulala, na kila mwezi akiba ikazidi kukonda.

"Mama, si uje ukae kwangu?" binti yao alimwambia. "Utalala na watoto." Aliwapenda wajukuu kufa, lakini kwenda kuishi kwa mkwe uzeeni, uombe ruhusa hata ya kuwasha redio? Kwa hiyo alipopata kazi ya sare arobaini za wauguzi, aliipokea kwa mikono miwili. Hospitali ikiridhika, kazi ingekuwa yake kila mwaka na kodi ingelipika. Isiporidhika, basi, afungashe virago aende akalale na wajukuu.

Akaajiri mkataji, mama wa watoto wawili, mdomo mwingi lakini mkasi wake hauna mchezo. Sare kumi za kwanza zikapelekwa Jumatatu. Jumanne zikarudi zote, matroni mwenyewe kazibeba.

"Zimebana, mama. Muuguzi akiinama kifungo kinaruka kwa mgonjwa. Nazitaka zote arobaini Ijumaa, zikae vizuri, la sivyo natafuta fundi mwingine."

Mama Pindo akamgeukia mkataji, macho yamewaka. "Mwanangu, umenikatia nguo za wanasesere?"

Mkataji hakubishana. Alifumua sare moja, akaitandaza, akaweka tepu. "Angalia, mama. Mimi nimekuachia nusu inchi ya mshono. Wewe umekula robo tatu. Kila ukingo umezidisha robo, na kingo ziko nne. Inchi nzima imeliwa."

"Nimeshona miaka thelathini na nne! Nguo yangu haijawahi kumbana mtu!"

"Basi aliyekuwa anakukatia alikuwa anakuongezea."

Mama Pindo akaenda kwenye rafu, akainama. Chini ya rafu kulikuwa na gauni ambalo Mzee Kimya alilikata kabla hawajaachana, na mteja hakurudi kulifuata, likabaki halijashonwa. Alilitoa, akasoma vipimo kwenye karatasi iliyobanwa kwa pini, akapima kitambaa. Ukitoa ya mishono, kulikuwa na inchi moja ya ziada. Akapima tena, kwa kuwa macho ya uzeeni si ya kuamini. Inchi ileile.

Mchana huo alikwenda kwa Mzee, upande wa pili wa soko. Alimkuta akisemwa na mteja aliyevuta kiuno cha suruali yake mpya. "Fundi, humu ndani tunaenea mimi na shemeji!" Mshonaji aliyeajiriwa na Mzee aliinamisha kichwa, mshono wake ulikuwa mwembamba, kama wa mafundi wote. Mama Pindo akaelewa papo hapo. Mwanamume huyu alikuwa bado anamkatia yeye.

Mteja alipoondoka, Mama Pindo alikosa jina la kumwita Mzee. Baba watoto halikufaa tena.

"Fundi," alisema. "Kwa nini hukuniambia mkono wangu unakula kitambaa?"

Mzee alipangusa chaki vidoleni, taratibu. "Mwanzo niliogopa utaudhika. Baadaye nikaona ndiyo kazi yangu."

Hayo yalikuwa maneno mengi kwake, na yalimwingia Mama Pindo. Alitamani kukaa pale. Alitamani meza ile, harufu ya chaki, ule mgongo ulioinama. Kama Mzee angesema neno moja tu, rudi, angeacha hata pochi akarudi.

"Lete hivyo vitambaa nikukatie," Mzee alisema, akainamia kazi yake.

Mama Pindo alisubiri kidogo, labda lingefuata neno jingine. Halikufuata.

"Asante," alisema. "Acha nijifunze."

Alibandika kipande cha plasta kwenye bati la cherehani kama mpaka, nusu inchi kutoka kwenye sindano, akafumua zile kumi na kuanza upya. Alikosea, akafumua, akajitukana, akashona. Mkataji alimwimbia na kumtania. Kufikia Alhamisi mkono ulikuwa umeshika adabu. Ijumaa sare arobaini zikaenda, zimepigwa pasi.

Jumamosi asubuhi matroni alipiga simu. "Zimewakaa kama wamezaliwa nazo! Mwakani ni wewe tena, na kuna nyingine thelathini za maabara."

Mkataji alipiga vigelegele, wakakumbatiana. Kwa mkwe hakuendi mtu. Mkataji alipotoka kununua uzi, Mama Pindo alibandua plasta, akachukua kitambaa chakavu, akashona bila kuangalia. Nusu inchi, imenyooka. Alichukua kingine, akajitahidi kushona kama zamani, ule mshono mnene wa tangu ujana. Ukatoka mwembamba.

Sasa nguo iliyokatwa na fundi mwingine yeyote, akiishona yeye, ingemkaa mteja vizuri. Iliyokatwa na Mzee Kimya ingempwaya. Aliinamia cherehani akalia, kwa mara ya kwanza tangu talaka.