Tarakimu Baada ya Nukta

Siku ile tulikuwa watano: mimi, mdogo wangu wa kiume, karani wa rekodi, daktari, na mama mmoja wa Gitothua aliyekuwa mbele yetu kwenye foleni.

Daktari alikuwa amesema mdogo wangu aanze kusafishwa damu kwa mashine wiki hiyo hiyo, lakini bima ikakataa. Fomu yetu iliandikwa N18.3, yaani ugonjwa sugu wa figo, hatua ya tatu. Hatua ya tatu hailipiwi mashine.

Tulitoka Kiganjo asubuhi hadi kliniki ya Ruiru, daftari langu likiwa kwapani. Baba alitangulia kufa, kisha figo zikamuua mama, nikabaki na wadogo watatu. Tangu hapo kila kipimo cha nyumba yetu hukiandika humo. Nguvu ya figo za mdogo wangu ilikuwa imeshuka hadi kumi na moja, na nilishaambiwa hatua ya tano huanzia chini ya kumi na tano.

"Hapa panafaa kuwa tano," nilimwambia karani.

"Ai, madam, umekuwa daktari?"

"Niliachia shule kidato cha pili. Lakini kumi na moja ni chini ya kumi na tano."

Mdogo wangu akacheka, uso umemvimba. "Usibishane na huyu. Ndiye alinifunza hesabu."

Karani akafungua faili. Daktari hakuwa ameandika hatua yoyote, na yeye karani alikuwa amenakili namba ya mwaka jana. "Nisamehe, dada. Lakini siruhusiwi kusoma kipimo nikaweka hatua mwenyewe. Lazima daktari aiandike, na leo anaondoka saa sita."

Ilikuwa saa sita kasoro. Mlangoni alibaki mama wa Gitothua, miguu imemvimba.

"Ingieni, mimi nitarudi kesho," alisema. "Lakini na mimi unichoree daftari kama hilo."

Daktari alipitia kurasa zangu zote, akaandika: hatua ya tano. Karani akabadilisha tarakimu moja mbele ya macho yangu, kisha akaomba apige picha daftari awaonyeshe wenzake. Nilitoka pale nimenyoosha mgongo.

Mdogo wangu husafishwa damu mara mbili kwa wiki sasa. Kila tukifika naitazama foleni. Daftari la yule mama nilishalichora, nalibeba mkobani. Jina lake sikuuliza, na bado sijamwona.