Chipu Niliyoifunga Mwenyewe

Mtalaka wangu amebisha mlangoni leo asubuhi, akasema nimemwita.

Sikumwita. Tangi ndilo lililomwita.

Tangi la maji la mama, hapa mtaani Kuze, nimelitilia kidude nilichokiunda mwenyewe. Ndani mna chipu ndogo kuliko ukucha. Inalala kutwa ili betri idumu miaka. Maji yakipungua inaamka, inamtumia muuza maji ujumbe: "Nimeishiwa. Niletee leo."

Jana nikaifunga. Chipu hii ukishaifunga hakuna wa kuisoma wala kuibadilisha, hata aliyeiunda. Nikajiona fundi!

Kumbe maagizo ya kuiendesha nimeyanakili kutoka kazi yangu ya zamani, ya enzi za ndoa. Namba ya simu iliyokuwemo ni ya huyu mtalaka wangu, si ya muuza maji. Na laini ya simu niliyotia ni yangu ile ile ya zamani.

Basi kasimama mlangoni na mfuko wa mahamri.

"Hukusema nikuletee nini."

Mama yuko nyuma yangu, anauchungulia mfuko. Na mama hachungulii bure.

Nikamweleza mgeni habari za chipu.

"Haifunguki kabisa?"

"Haifunguki."

"Nani aliyeifunga?"

"Mimi."

"Ndivyo ulivyo," akasema. Akaacha mfuko, akenda zake.

Tangu hapo sikai, sisimami. Nimepanda juu mara tatu kutazama maji. Yanashuka; yakishuka zaidi chipu itamwita tena. Mama naye kaanza kufua mapazia, yote, kwa maji ya tangi hilo hilo!

Betri naweza kuichomoa kwa kidole, dakika hii hii.

Jamani, niambieni: mbona sijaichomoa?